Injini ya boti huuawa na maji yanayoipoza

Ukitoka Izia, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, kufika kwenye maji ya Ziwa Tanganyika pale Kasanga ni mwendo wa kilomita 100 na ushei kupitia Matai, na njiani barabara inashuka takriban mita 1,000. Ukielekea upande wa pili, mashariki, unavuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa na kuteremka kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Sumbawanga yenyewe imekaa juu, kwenye mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Ni mji wa mahindi, maharage na baridi ya Juni, na mgeni hategemei kukutana huku na habari za boti.

Habari hizo zipo. Mkoa wa Rukwa umebanwa katikati ya maziwa mawili, na mwenye boti wa Kirando, Kabwe au Kasanga akihitaji kipuri, gasketi au fundi wa kuchonga hedi, mji mkubwa wa karibu yake ni huu. Injini hupandishwa mlimani kwa lori ikiwa imefungwa kamba na kufunikwa turubai. Ukiuliza imefanya nini, jibu mara nyingi ni moja: imechemsha.

Jibu hilo linawachanganya wengi. Boti inaelea juu ya maji baridi yasiyo na mwisho, inayavuta mchana na usiku, itachemshaje? Ni kwamba maji hayohayo yanayoipoza injini ndiyo pia yanayoiziba, yanayoisaga na kuitoboa mwenye nayo asipoyajua tabia. Na maji ya mkoa huu yana tabia ambazo vitabu vya watengenezaji, vilivyoandikwa kwa kufikiria bahari, havizielezi.

Joto linakwenda wapi

Katika kila lita tatu za dizeli unazomimina kwenye tangi, nguvu inayofika kwenye pangaboi ni ya lita moja hivi. Iliyobaki inageuka joto. Sehemu kubwa inatoka na moshi, na inayokaribia robo nzima ya mafuta yote inaachwa kwenye chuma, ambako lazima ichukuliwe na maji. Kwa injini ya nguvu farasi 40 ikiwa kazini, joto hilo la maji peke yake lingeweza kuchemsha ndoo ya lita 20 kwa dakika nne hivi. Ndani ya silinda moto hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi kila mlipuko, wakati pistoni ni ya aluminiamu, madini yanayoyeyuka kwenye nyuzi 660. Kinachoiokoa pistoni ni kwamba joto linaondolewa haraka kuliko linavyorundikana.

Kuna njia mbili za kuliondoa. Ya kwanza hutumika kwenye injini za nje, zile zinazofungwa kwenye tezi la boti. Pampu ndogo iliyo chini kwenye mguu wa injini inavuta maji ya ziwa, inayapitisha kwenye vijia vilivyozunguka silinda, kisha inayarudisha ziwani. Sehemu yake hutoka kwa nyuma kama uzi mwembamba, na mabaharia husema injini inakojoa. Isipokojoa, izimwe papo hapo.

Njia ya pili ni ya injini za ndani, hasa za dizeli. Hapo maji ya ziwa hayaingii kwenye injini kabisa. Injini ina maji yake safi yaliyochanganywa na kulanti, yanayozunguka ndani kwa ndani. Maji ya ziwa yanapita upande wa pili wa mirija ya shaba, yanapokea joto na kuondoka nalo. Kifaa hicho hufanya kazi ya rejeta, ila badala ya upepo kinapozwa na ziwa.

Wafipa, wenyeji wa huku, wengi wanaijua tayari njia rahisi kuliko zote mbili. Kwenye mashine za kusaga zinazoendeshwa na injini za zamani za Lister, kando husimama pipa la maji. Maji ya moto yanapanda juu ya pipa, ya baridi yanashuka na kuingia kwenye injini, pampu haipo. Aliyewahi kulisafisha pipa hilo anajua kinachobaki chini yake, na kinachobaki huko ndicho kinachokaa ndani ya injini ya boti pasipoonekana.

Tanganyika: maji maangavu, chokaa nyingi

Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na maji yake ni maangavu kiasi kwamba mtu anaona mawe ya chini akiwa juu ya mtumbwi. Uangavu huo unadanganya. Maji yake yana magadi kidogo na madini mengi, hasa magnesiamu. Sehemu kubwa ya madini hayo inaletwa na Mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, kwenye nchi ya volkano, na kwa kuwa maji mengi zaidi yanaondoka kwa mvuke kuliko kwa Mto Lukuga, chumvi zinabaki nyuma.

Maji ya namna hiyo yakipata moto, madini yanaganda kwenye chuma. Ni ukoko uleule mweupe unaoshika chini ya birika la chai. Tofauti ni kwamba birika unaliona na kulikwangua, na vijia vya injini huvioni. Ukoko huo unapitisha joto kwa shida, mara zaidi ya 20 kuliko chuma cha silinda. Kadiri unavyonenepa, geji inaweza kuendelea kuonyesha kwamba maji hayana moto mkali, huku ukuta wa silinda ukiungua kwa sababu joto halifiki kwenye maji.

Ndiyo sababu injini inayopozwa moja kwa moja na maji ya ziwa hutengenezewa themostati, yaani kilango cha maji kinachofunguka kwa joto, ya joto la chini, karibu nyuzi 50 hadi 60. Madini hayagandi sana kwenye joto hilo. Anayebadilisha na kuweka themostati ya gari, ya nyuzi 82, kwa sababu imeingia kwenye nafasi yake vizuri, ameiwekea injini jiko la kutengenezea chokaa.

Ukoko unaondolewa kwa asidi dhaifu. Siki au unga wa asidi ya limau, uliokorogwa kwenye maji ya uvuguvugu na kuzungushwa kwenye vijia kwa saa kadhaa, hutosha, kisha maji safi mengi hufuata. Asidi ya betri na ile ya kusafishia vyoo zinafanya kazi haraka, lakini zinakula aluminiamu pamoja na ukoko. Injini inatoka inang'aa, halafu baada ya muda inaanza kuvuja mahali ambapo hapakuwa na tundu.

Kuna jambo jingine ambalo maduka ya vipuri hayalitofautishi. Vile vipande vya madini vinavyofungwa kwenye injini ili viliwe na kutu badala ya injini yenyewe, kwa kawaida huuzwa vikiwa vya zinki, na zinki ni ya maji ya bahari. Kwenye maji yasiyo ya chumvi inajivika ganda gumu na kuacha kazi. Mwenye boti anakitazama kipande miezi inapita hakijapungua, anafurahi kwamba kimedumu. Kipande kisichopungua hakilindi kitu. Kwa maziwa yetu kinachofaa ni cha aluminiamu au cha magnesiamu.

Rukwa: tope linalosaga

Ziwa Rukwa ni kinyume cha Tanganyika karibu kwa kila kitu. Ni la kina kifupi, mita chache tu, halina mto unaotoka, kwa hiyo chumvi na magadi yake yanarundikana, na upepo ukivuma tope la chini linapanda juu. Ukingo wake husogea na kurudi kwa umbali mkubwa kutegemea mvua za miaka.

Hapa adui wa kwanza ni udongo laini. Unaingia kwenye pampu na kusaga kuta zake kama msasa, halafu unatulia kwenye kona za vijia pale injini inapozimwa. Ukirundikana, unakauka na kuwa tofali. Dawa yake ni desturi zaidi kuliko kipuri. Boti isukumwe kwa upondo hadi kwenye kina cha kutosha ndipo injini iwashwe. Mguu wa injini usiachwe ukilima tope karibu na mwalo. Na siku ya kazi ikiisha, injini ipewe maji ya kisima: iwashwe kwa dakika kumi ndani ya pipa la maji safi, ijisuuze. Kazi hiyo ichukuliwe kama kuosha nyavu, jambo linalofanywa kabla ya kwenda kula.

Kwa injini za ndani, chujio la maji ya ziwa lifunguliwe kila siku. Kwenye Tanganyika litatoa vipande vya nyavu na plastiki za mwaloni. Kwenye Rukwa litatoa matope, na mtu atashangaa ni kiasi gani.

Sufuria ya Sumbawanga

Injini iliyochemsha ikifika gereji, mtuhumiwa wa kwanza huwa themostati. Kipimo chake kinajulikana na kila fundi. Themostati inatumbukizwa kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, maji yanachemshwa, na fundi anatazama kama kilango chake kinafunguka. Kikifunguka vizuri ni nzima. Kikifunguka nusu, inatupwa.

Kipimo hicho ni sahihi kule Dar es Salaam. Huku juu, kwenye uwanda wa Ufipa, kinadanganya. Kwenye mita 1,800 hewa ni nyepesi na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Themostati iliyogongwa muhuri wa 82 huanza kufunguka kwenye nyuzi hizo, lakini hufunguka kabisa ikifika karibu 95. Kwa hiyo hata maji yachemke vipi Izia, kilango hakitamaliza safari yake. Yenye muhuri wa 88 itaonekana mbovu zaidi, nayo ni nzima. Anayetaka uhakika atumbukize na kipimajoto, atazame nyuzi ambazo kilango kinaanza kusogea, kisha alinganishe na muhuri. Kuanza kwake ndiko kunakosema kweli mahali hapa.

Hukumu hiyo ya sufuria inaleta kosa la pili, lililoenea Tanzania nzima: kuiondoa themostati na kuifunga injini bila hiyo, kwa hoja kwamba nchi yetu ina joto. Injini ya dizeli isiyo na themostati haifiki joto lake la kazi. Mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa, na mafuta mabichi yanateremka kwenye oili na kuiharibu. Katika baadhi ya injini hali ni mbaya zaidi, kwa sababu themostati ikifunguka ndiyo huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka bila kupita mahali pa kupozwa. Mtu ametoa themostati ili injini isichemshe, na kuitoa huko ndiko kunakoichemsha.

Mwinuko unagusa pia kifuniko cha mfumo wa maji safi. Kile chenye springi kina kazi kubwa kuliko kuzuia maji yasimwagike: kinafungia shinikizo ndani ili maji yasichemke mapema. Kasanga, kwenye mita 770 hivi, maji ya wazi huchemka karibu na nyuzi 97, na injini ya dizeli inafanya kazi kwenye 80 hadi 90. Nafasi iliyobaki ni ndogo. Kifuniko kikilegea mpira wake, au kikibadilishwa na cha kuchongwa kwa bati, nafasi hiyo inakwisha siku boti ikipakia mzigo mzito.

Na maji yenyewe ya ndani yasichotwe ziwani. Kulanti inataka maji yasiyo na madini. Yale ya kuchuja kwa mvuke yakikosekana, Ufipa ina mbadala mzuri unaoshuka bure kuanzia Novemba hadi Aprili: maji ya mvua, yakikingwa kwenye chombo safi baada ya mvua za kwanza kuosha paa. Wapo wanaosema kulanti ni ya nchi za barafu. Kuzuia kuganda ni kazi yake moja tu. Kwetu kazi kubwa ni kuzuia kutu na kulinda laina za injini ya dizeli, yaani kuta za silinda, ambazo kwa mtikisiko wa pistoni hutobolewa na viputo vidogo vya maji hadi maji yakaingia kwenye oili. Dawa zilizomo huisha nguvu, hivyo miaka miwili ikipita kulanti nyingi za kawaida zinapaswa kumwagwa hata kama rangi yake bado inavutia.

Mpira mdogo ndani ya pampu

Ukiifungua pampu ya maji ya ziwa utakuta impela, gurudumu la mpira lenye mabawa laini yanayojikunja. Ukubwa wake unaenea kiganjani. Inalainishwa na maji yaleyale inayoyavuta, hivyo ikizungushwa kavu inaungua ndani ya dakika moja au mbili. Fundi anayewasha injini ya nje juu ya meza, ili mteja asikie tu kwamba imepona, amemuuzia ugonjwa mwingine kabla hajalipwa wa kwanza.

Ishikwe na kukunjwa bawa moja baada ya jingine. Likionyesha ufa kwenye shina, impela imekwisha, hata kama inavuta. Yakiwa yamebaki yamejikunja upande mmoja, imekwisha pia. Na bawa likiwa limekatika, kazi haijamalizika kwa kuweka impela mpya. Kipande kilichokatika hakikuyeyuka, kimesafiri na kukwama mbele, mara nyingi kwenye mdomo wa mirija ya kupozea. Kitafutwe mpaka kipatikane, mabawa yahesabiwe, vipande viunganishwe viwe impela kamili. Injini nyingi zinazochemsha tena wiki moja baada ya kutengenezwa huwa zimeachiwa kipande hicho tumboni.

Kwa kawaida impela hubadilishwa mara moja kwa mwaka, na kwa boti ya kazi za kila siku mapema zaidi. Ya akiba ikae botini pamoja na gasketi yake, klipu, kipande cha hozi, mkanda wa pampu na spana zinazohusika. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, kwa hiyo mnunuzi aukunje mbele ya muuzaji. Mpira mgumu usionunulika ni uleule unaouzwa nusu bei.

Nahodha naye ana lake. Joto likipanda na maji bado yanatoka, apunguze mwendo, aiache injini izunguke polepole mpaka itulie. Maji yakikatika, azime. Asifungue kifuniko cha moto, mvuke wake unachubua uso. Na asiimwagie injini maji ya ziwa kuiokoa, maana hedi iliyowaka ikipata baridi ya ghafla inapasuka, na hedi iliyopasuka hutangaza habari yake kwa oili iliyogeuka rangi ya maziwa. Kusini mwa Ziwa Tanganyika, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini mashariki huinua mawimbi makubwa, na boti isiyo na injini hugeuzwa ubavu. Hapo suala si tena la gharama za gereji.

Miezi mitatu ya kusimama

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na nchi jirani zinazolizunguka, ili samaki wazaane. Mengi yalisemwa kuhusu dagaa, migebuka na kipato cha wavuvi. Injini zilizoegeshwa hazikupata wa kuzisemea, nazo huharibika zaidi zikisimama kuliko zikifanya kazi.

Maji yaliyobaki ndani yanakauka na kuacha chumvi. Impela iliyokaa miezi mitatu ikiwa imekunjwa mahali pamoja haiinuki tena. Themostati inashika kutu ikiwa imefungwa. Siku ziwa linapofunguliwa, kila mtu ana haraka, injini inawashwa na kusukumwa kwa nguvu yake yote, na wiki hiyohiyo foleni inajaa gereji. Kuiegesha vizuri ni kazi ya asubuhi moja: isuuzwe kwa maji safi, isimamishwe wima ijimwage, impela itolewe na kuhifadhiwa kivulini, sehemu za chuma zipakwe grisi, na matundu ya kuingizia maji yazibwe kwa kitambaa ili nyigu wasijenge humo. Kitambaa kifungwe pamoja na funguo, asije mtu akawasha akakisahau.

Thamani ya grisi inajulikana kwenye ziwa hili kuliko pengine popote. Meli tunayoiita Liemba ilijengwa na kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma na kuanza kuelea mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wanaukimbia mji, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi walewale walioiunda, wakiongozwa na Anton Rüter, waliipaka mitambo yake grisi nzito. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo yake ya mvuke ilikuwa bado inafaa kutengenezwa. Mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba, na mvuke wake haukuondolewa na kuwekwa dizeli hadi miaka ya 1970. Kasanga imekuwa mojawapo ya bandari zake za kusini kwa vizazi. Ikiwa mitambo iliyolala ziwani miaka kadhaa ilipona kwa kupakwa grisi, injini iliyoegeshwa miezi mitatu ufukweni haina sababu ya kufa.

Nani alipe

Maarifa haya si siri, na mafundi wengi wanayo. Kinachokwamisha ni mfuko. Katika mialo mingi mapato hugawanywa baada ya kutoa gharama za safari, na gharama inayotambulika na wote ni mafuta. Impela, kulanti na gasketi huhesabiwa kuwa mzigo wa mwenye injini. Mwenye injini yuko mjini, haoni injini inavyokojoa. Nahodha anaona, lakini kununua si kazi yake. Basi kila mmoja anasubiri mwenzake mpaka injini iamue.

Ratiba ya marekebisho haihitaji kubuniwa. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, kwa hiyo mbalamwezi ikipamba hawaendi ziwani siku kadhaa kila mwezi. Siku hizo nyavu hushonwa. Pampu nayo ifunguliwe siku hizohizo, chujio lioshwe, impela ikunjwe, hozi zikaguliwe, na kinachohitajika kinunuliwe kutoka fungu la safari, kabla ya kugawana, kama yanavyonunuliwa mafuta. Wenye boti na mabaharia wao wakikubaliana hilo mwaloni, injini nyingi zinazopandishwa Sumbawanga kwa lori zingebaki zilipo, kazini.